Hadithi Njoo, Uongo Kaa Nje

Hadithi, hadithi!

Najua mlivyozoea kuitika. Bibi akianza hivyo jioni, nanyi mmemzunguka mkekani, mnajibu kwa pamoja: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo naomba tubadilishe kiitikio. Semeni hivi: hadithi njoo, utamu kolea, uongo kaa nje. Hadithi ya leo ni ya karatasi moja isiyokubali uongo hata wa tarehe moja, nayo ni fomu ya kumwandikisha mtoto katika timu ya mpira wa kikapu. Nilichobuni humu ni watoto wawili tu na jamaa zao, mtoto mmoja wa Korogwe na mwingine wa Handeni, mkoani Tanga. Majina sikuwapa. Penye jina nimeacha mstari mtupu kama fomu inavyouacha, na yeyote kati yenu anaweza kuujaza.

Haya. Binti wetu ni wa Manundu, pale Korogwe mjini. Ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Shule ya msingi alicheza netiboli, na alikuwa mfungaji hodari kiasi kwamba hata watoto wa shule jirani walimjua kwa sura. Sasa amefika sekondari, na siku moja baada ya vipindi anakuta mwalimu wa michezo amesimamisha nguzo mpya kwenye kona ya uwanja. Nguzo ina ringi, na nyuma ya ringi pana ubao. Mwalimu anatangaza kwamba shule inaunda timu ya kikapu, ya wasichana na ya wavulana. Anayetaka kucheza achukue fomu, aipeleke nyumbani, airudishe Ijumaa ikiwa na saini ya mzazi.

Binti anachukua fomu. Njiani anaikunja mara nne na kuificha ndani ya daftari la hisabati. Moyoni ana hofu mbili. Ya kwanza, kikapu hajawahi kukicheza. Ya pili, yeye ni mfupi, na kila aliyemwona akicheza kikapu kwenye televisheni ni mrefu kama mnazi.

Hofu ya kwanza inaondolewa na futi kamba ya fundi. Ringi ya kikapu huwekwa mita 3.05 kutoka chini. Na ringi ya netiboli? Mita 3.05. Urefu ni ule ule. Ila ringi ya kikapu ina upana wa sentimita 45, ya netiboli sentimita 38 tu. Kikapu kina ubao unaoweza kuurudisha ndani mpira uliopotea kidogo, netiboli haina. Maana yake ni kwamba binti huyu, miaka yote ile, alikuwa akitumbukiza mpira katika tundu dogo zaidi, juu vile vile, bila msaada wa ubao. Mikono yake imeshasoma nusu ya somo kabla hajaingia darasani.

Kulingana huko kwa urefu hakukutokea kwa bahati. Michezo hii miwili ni ndugu wa tumbo moja, na kisa cha kuzaliwa kwao ni kitamu. Sogeeni.

Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, palikuwa na mwalimu wa michezo aliyeitwa James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Nje theluji ilifunika kila kitu. Wanafunzi wake 18, vijana wakubwa, walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani hadi wakawa wakorofi. Mkuu wake akampa siku 14: buni mchezo wa kuchezwa ndani ya jengo. Naismith akafikiri. Mpira ukipigwa kwa mguu utavunja madirisha, kwa hiyo uchezwe kwa mikono. Mtu akikimbia na mpira mkononi wenzake watamwangusha kwenye sakafu ngumu, kwa hiyo mwenye mpira asikimbie. Goli likiwa chini watu watalirundikia miili yao na kulipiga mikwaju, kwa hiyo liwekwe juu, lihitaji shabaha.

Akamwendea mtunza jengo, akamwomba maboksi mawili. Maboksi hayakuwepo. Yaliyokuwepo ni matenga mawili ya pichi.

Tenga mnalijua, mmeliona sokoni limejaa nyanya. Pichi nazo mnazijua, ndizo zinazolimwa milimani Lushoto na kushushwa Mombo, ndani ya wilaya ya Korogwe. Naismith aliyapigilia matenga yale kwenye kingo za roshani, moja kila upande wa ukumbi. Kingo zilikuwa na urefu wa futi 10 kutoka sakafuni, na futi 10 ndizo mita 3.05. Dunia nzima imeukubali urefu wa roshani ile moja, na tangu siku hiyo ringi ya wakubwa haijapanda wala kushuka. Jina la mchezo kwa Kiswahili limelihifadhi lile tenga mpaka leo: mpira wa kikapu.

Matenga hayakutobolewa chini. Kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi kuutoa. Msimwonee huruma sana yule wa ngazi, kwa kuwa mechi ya kwanza, tisa kwa tisa, ilimalizika kwa goli moja tu.

Naismith aliandika sheria 13. Humo hamkuwa na kudunda mpira. Ukishaushika unasimama, unatafuta mwenzako, unatoa pasi. Je, hamjauona mchezo huo mahali? Ndiyo, ni netiboli ile ile. Katika miaka hiyo ya 1890 mchezo wa Naismith ulivuka bahari hadi Uingereza, walimu wa kike wakaupokea, wakaupunguzia misukosuko na kuulea hadi ukawa netiboli. Dada huyu alishika sheria ya zamani ya nyumbani: mwenye mpira hatembei. Kaka akaacha watu wadunde mpira huku wakikimbia. Baadaye wote wawili wakaja kukutana kwenye viwanja vya shule zetu.

Kwa hiyo kitu kipya hasa ambacho binti wetu atajifunza ni kudunda. Atadunda kwa mkono wa kulia hadi uchoke, kisha kwa wa kushoto, ambao mwanzoni utakuwa kama si wake. Atajifunza kwamba akishaushika mpira baada ya kudunda haruhusiwi kudunda tena, na kwamba akitembea nao bila kudunda filimbi italia. Mpira wenyewe atauona mzito kuliko aliouzoea: wasichana na wanawake hutumia namba 6, wavulana na wanaume namba 7, na watoto wadogo namba 5. Wachezaji uwanjani ni watano badala ya saba, na hakuna mtu aliyefungiwa katika eneo lake kama ilivyo kwenye netiboli. Mfungaji anakimbia kuzuia, na mzuiaji anakimbia kufunga. Atahema. Wiki ya kwanza magoti yatamuuma. Hayo ndiyo yote.

Tuje kwenye hofu ya pili, ya ufupi.

Mwaka 1987 timu ya jiji la Washington, katika ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA, iliwaweka pamoja wachezaji wawili. Mmoja ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan, kutoka sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini, aliyechunga ng'ombe utotoni. Alikuwa na urefu wa mita 2.31. Mwingine ni Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60. Chukueni futi kamba, pimeni sentimita 71 kutoka sakafuni, mtafika karibu na meza mnayolia chakula. Huo ndio uliokuwa umbali kati ya utosi wa mmoja na utosi wa mwenzake. Bogues hakuwekwa pale ili watu wamshangae. Alicheza ligi ile misimu 14. Mpira unapodundwa chini, karibu na miguu, mtu mfupi mwenye mikono myepesi ni taabu kubwa kwa warefu.

Mwaka huo huo wa 1987, jijini Dar es Salaam, alizaliwa mtoto aliyeitwa Hasheem Thabeet. Huyu alirefuka hadi mita 2.21. Alisoma shule ya Makongo, akaenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu zote za NBA zilipokuwa zikichagua vijana wapya, yeye alichaguliwa wa pili. Timu ya Memphis Grizzlies ndiyo iliyomchukua. Siku ile James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, ambaye picha yake baadhi yenu mmeibandika ukutani, alichaguliwa wa saba. Hasheem akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile.

Watu wakimsimulia Hasheem huanza na urefu wake na kumalizia hapo hapo. Mimi nataka mshike jambo jingine: alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Binti wetu ana 14. Urefu wa Hasheem hamwezi kuuiga hata mkinywa maziwa ya zizi zima. Umri wake wa kuanza mnaweza.

Basi usiku, baada ya chakula, binti anaitoa fomu kwenye daftari la hisabati na kuinyoosha mezani. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, mama yake anauza matunda karibu na stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili leo?"

Binti anasogeza karatasi. Mama anakausha mikono, anaisogeza taa, na anaanza kusoma mstari mmoja baada ya mwingine. Nasi tusome naye, maana kila mstari una sababu yake.

Mstari wa kwanza unataka majina matatu: lako, la baba na la babu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Najua nyumbani wengi wenu mna majina mengine ya kuitwa kwa mapenzi. Fomu haiyajui. Herufi moja ikipotea kati ya cheti na fomu, siku ya mashindano msimamizi anaweza kuuliza kama mtoto aliyesimama mbele yake ndiye aliyeandikwa.

Kuna mstari wa shule na darasa, huo hauna matata. Kuna picha ndogo ya pasipoti, sura wazi.

Halafu unakuja mstari wa afya, na hapa watoto wengi huficha kwa kuogopa kukataliwa. Fomu inauliza kama una pumu, selimundu, kifafa au tatizo la moyo. Korogwe ni bondeni, jua lake mnalijua. Mwenye selimundu akikimbia saa tisa mchana bila kunywa maji na bila kupumzika anaweza kuamsha maumivu makali mwilini, na mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta iwe pembeni mwa uwanja, isiwe kwenye begi lililofungiwa ofisini. Kocha akijua, atakupumzisha kabla hujaanguka. Asipojua, atakudhani mvivu na kukuongezea mizunguko. Wengine wataambiwa na daktari wasikimbie kabisa, na kwenye timu kuna kazi ya kuhesabu pointi na ya kushika saa, kazi za heshima ambazo mechi haichezeki bila hizo.

Chini kabisa ni jina la mzazi au mlezi, namba ya simu, na saini. Binti anauliza kwa nini yeye mwenyewe asisaini, wakati anayecheza ni yeye. Baba ndiye anayejibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwa mtu wa umri huo ni mzazi au mlezi anayesaini. Lakini sheria hiyo hiyo imewapa wazazi wajibu, na katika kuutaja wajibu huo imeweka mstari mmoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kitu ambacho watoto wengi hawajui kama kimo: haki ya kucheza na kupumzika. Kwa hiyo mtoto akileta fomu nyumbani haleti anasa. Analeta jambo ambalo sheria ya nchi imeshalitaja.

Mama hajasaini bado. Anageuza karatasi na kuandika maswali nyuma yake. Mazoezi ni siku gani, na yanakwisha saa ngapi? Wasichana wakichelewa nani anawasindikiza? Wakisafiri kwenda Tanga watalala wapi, na ni mwalimu gani wa kike atakayelala nao? Nauli inatoka wapi? Binti anaona aibu, anadhani mwalimu atachukia. Wanangu, mzazi anayeuliza hivyo hamzuii mtoto wake, anamfungulia njia na kuikagua. Mwalimu mwema hujibu maswali hayo huku akifurahi. Na hili mlishike kama mnavyoshika jina lenu: mtu mzima yeyote kwenye timu, awe kocha, dereva au mfadhili, akikwambia jambo halafu akasema usimwambie mama, basi mama ndiye wa kwanza kuambiwa, siku hiyo hiyo.

Yamebaki maji na vyombo. Binti ndiye anayechota maji jioni na kuosha vyombo. Wanakubaliana kwamba siku za mazoezi mdogo wake wa kiume atachota maji, naye binti ataosha vyombo asubuhi kabla ya shule. Mdogo mtu ananuna kidogo, kisha anauliza kama na yeye atapewa mpira audunde Jumamosi. Anakubaliwa.

Sasa nimeruka mstari mmoja kwa makusudi. Tarehe ya kuzaliwa.

Mstari huu nautembeza kilomita 65, kupita barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni, mpaka mtaa wa Chanika, kwa mtoto wa mjomba wake binti. Yeye ni mvulana, ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Alianza shule kwa kuchelewa, kama wanavyochelewa watoto wengi ambao wazazi wao walihamahama na mifugo au walilima mbali na shule. Ni mrefu, mabega mapana, na shuleni kwao pia fomu zimegawiwa. Siku ile ile mtu mmoja pembeni mwa uwanja anamwita kando. "Wewe andika una miaka 14," anamwambia. "Tukuweke na wadogo. Hakuna atakayekuzuia, kombe letu."

Kwenye michezo ya shule mtu kama huyo ana jina lake. Anaitwa kijeba. Kijeba ni mchezaji aliyeuzidi umri wa wenzake na kujificha kati yao. Ana ndugu yake aitwaye mamluki, yule anayeletwa kutoka nje ili acheze kwa jina la shule asiyosoma. Kila mwaka mashindano yakikaribia, viongozi wa michezo huonya juu ya vijeba na mamluki, na bado wapo wanaojaribu.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili linaniuma. Tuseme mtoto wa miaka 13 ana kilo 40. Akiruka kugombea mpira na mtu wa miaka 17 mwenye kilo 70, kiwiko cha yule mkubwa kiko sawa na meno yake. Hata asipoumia, atapokonywa mpira jioni nzima, na atarudi nyumbani akiamini kwamba hana kipaji, kumbe hakushindanishwa na wa rika lake. Wapo watoto walioacha mchezo kwa ajili ya jioni moja ya namna hiyo. Na benchi nalo lina hadithi yake: palipo na kijeba uwanjani, pana mtoto halali aliyeandika tarehe yake ya kweli na kuachwa amekaa.

Kijeba mwenyewe anapoteza nini? Anajifunza kushinda kwa mabega. Wenzake wakirefuka na kumfikia, mikono yake haijui kitu. Halafu ile tarehe ya uongo haibaki uwanjani. Ipo siku ataomba kitambulisho cha taifa, siku nyingine pasipoti, na karatasi zake zitaanza kugombana: moja inasema alizaliwa mwaka huu, nyingine mwaka ule. Mlango aliotaka kuupita kwa haraka unafungwa na karatasi yake mwenyewe.

Umri katika kikapu huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Kwa mashindano ya kimataifa ya chini ya miaka 16 yanayofanyika mwaka 2026, mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2010 au baada yake. Aliyezaliwa 31 Desemba 2009, hata kama wametofautiana kwa usiku mmoja, hayumo. Inaonekana ukali, lakini mstari lazima uchorwe mahali, na ukishachorwa unawalinda wote walio ndani yake. Yule wa 31 Desemba hajafukuzwa kwenye mchezo. Lipo kundi la chini ya miaka 18, na huko ndiko walipo wenzake.

Mvulana wa Chanika analala nalo usiku mmoja. Asubuhi anampigia simu binti wa Manundu na kumsimulia. Binti anamuuliza swali moja tu: "Hao wadogo unaotaka kucheza nao, ungekubali nikiwa mimi mmoja wao?" Kijana ananyamaza. Anaandika miaka 17, tarehe kamili, anaambatisha nakala ya cheti, na anawekwa na wakubwa wenzake. Mazoezi ya kwanza wanamfunga vibaya. Mazoezi ya tatu anaanza kuelewa.

Kuna mtoto hapa ananitazama, najua anachotaka kuuliza: na asiye na cheti? Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Mzazi anatakiwa kusajili kizazi ndani ya siku 90, lakini zikipita mlango haufungwi. Usajili wa kuchelewa upo. Mzazi aende ofisi ya RITA ya wilaya akiwa na karatasi zozote zinazomjua mtoto, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule, na aulize kinachohitajika zaidi. Ajitahidi kwenda mapema, asisubiri wiki ya mashindano, kwa sababu cheti hicho kitatakiwa tena na tena kwa mambo makubwa kuliko mpira.

Fomu ikisharudi Ijumaa, mtoto anakwenda wapi? Kwa mwanafunzi wa sekondari njia inaitwa UMISSETA, na kikapu ni mmoja wa michezo yake. Unaanza shuleni, unakwenda ngazi ya kata, kisha halmashauri, na hapo mjue mko wapi. Wilaya ya Korogwe ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Handeni nayo vile vile. Mtoto wa Manundu ni wa Korogwe Mji, mtoto wa Mombo ni wa halmashauri ya wilaya, na wanaweza kukutana kama wapinzani. Wakichaguliwa wote kwenda mkoani wanavaa jezi moja ya Tanga. Fainali za taifa huhamishwa: zilikuwa Mtwara mwaka 2019, Tabora mwaka 2022. Ninyi wa shule ya msingi mna UMITASHUMTA, ambako netiboli na mpira wa mikono vitawapa mikono ile ile niliyoisimulia mwanzo. Nje ya shule kuna klabu, zilizo chini ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania na vyama vyake vya mikoa. Klabu nazo hujaza fomu! Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina utaratibu wa kusajili vyama na klabu. Mzazi anayo haki ya kuuliza: mnayemsajili mtoto wangu, ninyi wenyewe mmesajiliwa? Asiyejua pa kuanzia, kila halmashauri ina afisa michezo, na kumuuliza ni bure.

Narudi Manundu, kwa kuwa nimemwacha baba.

Baba hakusema mengi usiku ule, lakini kichwani alikuwa anapima. Kesho yake karakanani alichukua kipande cha nondo ya milimita 16, urefu karibu mita moja na nusu, akakikunja kidogo kidogo hadi ncha zikakutana, akachomelea. Ringi halali hutengenezwa kwa chuma cha milimita 16 hadi 20, kwa hiyo nondo ya kawaida ya ujenzi inatosha, mradi upana wa ndani uwe sentimita 45. Akaweka vishikio 12 vya wavu. Ubao halali ni mita 1.80 kwa 1.05, yeye alikuwa na mbao pungufu kidogo, akazipigilia hizo hizo. Nyuzi za wavu hakununua dukani. Korogwe ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa pwani ya Tanga na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyofika hai, na kamba ya katani haijapata kuwa mbali na mikono ya watu wa hapa. Mama ndiye aliyeusuka wavu, jioni mbili, akiwa amekaa kibarazani.

Walipoipandisha ringi kwenye nguzo nyuma ya nyumba, baba alipima kwa futi kamba mara tatu. Mita 3.05. Mdogo mtu akalalamika kwamba ni juu mno, na kwake kweli ni juu. Kwa watoto wadogo ringi huteremshwa hadi mita 2.60, wanacheza kwa mpira namba 5, wakikua wanaipandisha. Baba akatoboa matundu mengine chini kwenye nguzo, ili ringi ishuke Jumamosi na kupanda Jumatatu.

Ijumaa binti alirudisha fomu. Ilikuwa na mikunjo minne, majina matatu, tarehe moja ya kweli, maswali ya mama nyuma yake, na saini ya kalamu ya wino.

Nawe uliyesoma mpaka hapa: kesho asubuhi mkishatawanyika mstarini, mwendee mwalimu wako wa michezo, mpe shikamoo yake, umwombe fomu. Ule mstari mtupu wa jina nimekuachia.